Krismasi watu 14, bajeti laki moja, mzee ana presha na shangazi ana sukari: nipike nini hapa Kigoma?

MamaGungu

Wakuu habari za jioni. Kwa mliopo Kigoma na mliowahi kuishi Kigoma naombeni mawazo maana kichwa kinaniuma kweli. Mwaka huu Krismasi inafanyikia kwangu, ndugu wa mume wangu wanakuja wote, wengine wa hapa hapa Mwandiga na wengine wanatoka Dar na treni, nimehesabu haraka haraka tupo watu 14, wakubwa nane na watoto sita.

Mume ametoa laki moja akasema hapo ndo mwisho, ada za Januari zinakuja. Mkaa ninao, nusu gunia. Sasa mi nilikuwa na menyu yangu ya siku zote, pilau la nyama, kuku wa kukaanga, chipsi za watoto na soda kreti, nikapiga hesabu nyama kilo nne tu inataka kula karibu nusu ya hela, hapo sijanunua kuku wala mafuta.

Afu kuna hili lingine. Baba mkwe ana presha, daktari amemwambia apunguze chumvi na mafuta, na shangazi yao ana kisukari. Nikasema basi hawa wawili ntawapikia pembeni, mume akacheka, anasema shangazi ukimwekea sahani yake ya peke yake hali, anaona umemtangaza mgonjwa mbele za watu. Kwaiyo nataka chungu kimoja ambacho wote tunakula, mgonjwa na mzima, na kionekane ni chakula cha sikukuu sio cha wodini. Msiniambie nichemshe kabichi.

Nawasilisha.

mvuvi_mstaafu

Mama, laki moja kwa watu 14 hapa Kigoma sio hela mbaya, inakuwa mbaya ukitaka kupika chakula cha Dar. Hao wanaotoka Dar siku mbili kwenye treni unadhani wanawaza kuku wa kisasa? Wanawaza mgebuka, samaki wetu wa ziwani. Hiyo laki peleka ziwani.

Ila kabla hujapanga chochote angalia mwezi. Sisemi mambo ya kishirikina, nasema mwezi wa angani. Dagaa na migebuka wa huku wanavuliwa usiku kwa taa, samaki wanaifuata taa mpaka kwenye wavu, sasa mbalamwezi ikiwa kali ziwa zima linakuwa na mwanga, taa yako inaonwa na nani? Siku hizo wavuvi wengi wanapumzika, wanashona nyavu, na wachache wanaoingia wanatoka na kidogo, bei inapanda hapo hapo mwaloni. Siku za giza ndo samaki anajaa. Kwaiyo kalenda yako ikionyesha mwezi mpevu unaangukia kwenye sikukuu, nunua wiki moja kabla wakati bado giza, weka kwenye friza, kama huna omba kwa jirani mwenye duka la soda.

Ukienda, nenda mwenyewe Kibirizi au Katonga asubuhi na mapema mitumbwi inapoingia, usisubiri mpaka samaki wafike sokoni Mwanga, kila mkono unaoshika samaki unaongeza chake. Bei siitaji maana ya saa kumi na mbili sio ya saa nne. Angalia jicho liwe limetuna na linang'aa, fungua matamvua yawe mekundu, bonyeza mwili, kidole kikiacha shimo huyo achana naye hata kama muuzaji ni shemeji yako.

kijana_wa_mwanga

Yaani Krismasi watu wale migebuka na ugali kama Jumanne? Mzee hapana. Watoto wanajua Krismasi ni pilau na soda, ukiwaletea samaki wa mifupa mtaa mzima utasikia kilio. Hata mi ntalia aisee.

BintiUjiji

We @kijana_wa_mwanga tulia, pilau lipo linakuja.

Dada MamaGungu mi ni Muislamu, Krismasi sio yangu ila Idi kwetu Ujiji tunakuwa wengi kuliko hao wako na bi mkubwa ana presha vilevile, kwaiyo haya nayapika kila mwaka. Siri ni kwamba nyama usiifanye mboga, ifanye harufu. Chukua mchele kilo mbili tu, nyama ya mfupa kilo moja, omba ile ya kifua au mbavu. Chemsha nyama na tangawizi na kitunguu swaumu mpaka supu iwe nzito, mafuta yanayoelea juu enguwa. Vitunguu maji kaanga kwa mafuta kidogo mpaka viwe rangi ya kahawia kabisa, usivitoe vikiwa vyeupe, maana rangi na utamu wa pilau viko kwenye kitunguu sio kwenye mafuta, afu binzari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, zitwange mwenyewe zile za kusagwa za paketi harufu imeshaondoka. Supu yako ndo unapikia mchele. Kilo mbili kwa watu 14 kila mtu anapata sahani ya kiasi, na kiasi ndo tunachotaka hapa, watoto wamekula pilau la nyama, wameridhika, hakuna aliyelia.

Sasa sahani ijazwe na nini, hapo ndo migebuka. Wakubwa nane kila mtu wake, watoto nusu nusu, ni 11, nunua 12 maana lazima kuna mtu anapita "kusalimia". Usikaange. Watoe matumbo, waoshe kwa ndimu, wakate chale tatu kila upande. Twanga kitunguu swaumu, tangawizi, pilipili kichaa kama watu wanaweza, kamulia ndimu nyingi, chumvi kwa vidole tu, paka mpaka ndani ya chale na tumboni, acha saa moja. Makaa yawe yameshaiva yana jivu juu, moto wa ulimi unaunguza ngozi ndani kubichi. Waya upake mafuta kidogo samaki asigande, geuza mara moja tu. Mgebuka ana mafuta yake mwenyewe, ukimchoma yanatoka anajipika nayo, kumzamisha kwenye karai la mafuta ni kumuonea.

Mifupa ya watoto: mgebuka uti wake unatoka mzima ukimfungua vizuri, wachambulieni jikoni kabla hamjaleta mezani, sio mtoto wa miaka mitatu anakabidhiwa samaki mzima na watu wanapiga picha.

MamaGungu

@BintiUjiji dada yangu Mungu akubariki, hiyo ya nyama kuwa harufu nimeipenda. Na @mvuvi_mstaafu baba asante, nimezaliwa Kasulu mambo ya mwezi na samaki nilikuwa nasikia tu watu wanasema "saivi kuna mwezi" sielewi.

Swali, mawese je? Mume hawezi kula maharage bila mawese, na baba mkwe ndo kabisa, yeye amekulia kwenye michikichi. Daktari amesema apunguze mafuta, mi nimezoea kusikia mawese ni dawa, mwingine anasema yanaziba mishipa. Nishike lipi?

nesi_wa_zamu

Habari MamaGungu, nafanya kazi ya afya, ntajibu kwa ujumla, wagonjwa wako daktari wao ndo anawajua.

Mawese kwanza. Ule wekundu ni kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, kwa watoto na macho yao ni mazuri kweli. Lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, unayaona yenyewe asubuhi ya baridi yalivyo kwenye chupa, na hiyo aina ikizidi haimfai mtu mwenye presha. Kwaiyo sio sumu wala sio dawa, ni kiasi. Sufuria ya maharage ya watu 14 kikombe kimoja cha chai kinatosha kabisa, inakuja kama kijiko kimoja cha chakula kwa mtu. Na tafadhali ile tabia ya kuyachoma mpaka yawe meupe ndo uweke kitunguu iacheni, ukishaona wekundu umeondoka ujue vitamini yako imeondoka nao, umebaki na mafuta matupu na moshi. Tia mwishoni maharage yakiwa yameiva, yachemke pamoja kidogo, epua.

Kama unaweka mawese kwenye maharage basi mboga ya majani usiiwekee tena. Chagua chungu kimoja cha mawese.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai. Watu 14 ni gramu 70, mlo mmoja uchukue theluthi, tuseme gramu 23, kwaiyo vyakula vyote vya mchana huo, pilau, maharage, samaki, kachumbari, kwa pamoja visizidi vijiko vya chai vinne hivi, na kwa sababu sita ni watoto hata vitatu ni sawa. Pima asubuhi weka kwenye kibakuli, tumia hicho tu, kikiisha kimeisha. Vile vipande vya kuongeza ladha na vikorombwezo vya paketi ni chumvi iliyovaa nguo nyingine, viacheni dukani. Ndimu inadanganya ulimi vizuri sana, chakula chenye ndimu na tangawizi ya kutosha mtu hatafuti kopo la chumvi. Hilo kopo lisikae mezani.

Shangazi: sahani yake isiwe tofauti na ya wengine, mpangilio ndo uwe tofauti. Nusu ya sahani majani na kachumbari, robo samaki na maharage, robo tu wali au ndizi au ugali. Ukipakua hivyo kwa WOTE hakuna atakayejua nani ana nini. Ugali wa muhogo usidhani una nafuu kwake, ni wanga vilevile, kinachomsaidia ni udogo wa tonge. Na asiruke dawa kwa sababu ni sikukuu, asisubiri chakula cha saa tisa na njaa tangu alfajiri, hapo ndo wanaanguka.

Soda: chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 35, ni vijiko vya chai nane au tisa. Kreti nzima umenunua sukari na hela imekwenda. Wanunulie watoto chupa kubwa mbili wagawane kwenye glasi ndogo kama lazima, wengine maji yenye vipande vya ndimu na tangawizi.

kijana_wa_mwanga

Nesi umeniharibia Krismasi na sijaalikwa.

wa_Isevya

Mi nipo Tabora jirani zenu wa relini. Kwetu mwezi huu maembe ni mengi mpaka mbuzi wanachagua, waambie hao wageni wa Dar treni ikisimama Tabora wanunue maembe dirishani, ndo kitindamlo chenu hicho, hakuna haja ya keki. Na karanga, dada, karanga za huku zisage uweke kwenye kisamvu, hapo hutatafuta nyama. Uyoga nao mvua hizi upo, ila nunua kwa mama unayemjua sio kwa kila aliyebeba sinia, uyoga wa porini ukikosea hakuna utani.

Afu asali ya Tabora wekea shangazi kwenye chai badala ya sukari, hiyo haina shida.

nesi_wa_zamu

@wa_Isevya kaka hapo kwenye asali nakukatalia. Asali ni tamu kwa sababu ni sukari, inapandisha sukari ya damu kama ile ya dukani, hata iwe ya nyuki wadogo. Shangazi anywe chai ya mchaichai na tangawizi bila kitu. Maembe nayo vipande viwili vitatu baada ya chakula sio mbaya ila msimsagie juisi, glasi moja ni maembe mawili au matatu yanashuka kwa mara moja.

Karanga kwenye kisamvu nakubali mia kwa mia.

wa_Isevya

Haya nesi, asali ntakula mwenyewe.

mama_sombe

Naona wote mmeishia kwenye samaki, majani mnayataja tu. Mwanangu MamaGungu kwa sisi watu wa huku sikukuu bila sombe, yaani kisamvu, ni nini? Na ndo rahisi kuliko vyote hapo. Nunua yaliyotwangwa sokoni uokoe mikono, ila kupika usiharakishe, majani ya muhogo mabichi yana sumu, yanatakiwa yachemke muda mrefu, mwanzo acha sufuria wazi mvuke utoke. Watu wanaharakisha wakiona rangi imebadilika, hiyo bado. Yakishalainika kabisa tia kitunguu, nyanya chungu, nyanya na hizo karanga alizosema mtu wa Tabora. Kama umeshaweka mawese kwenye maharage basi hapa karanga zinatosha, nesi asinigombeze.

Dagaa wakavu unaweza kutia kiganja kimoja humo humo, wanatoa utamu wa nyama, na mtoto anamtafuna na mifupa yake yote, hiyo ndo kalsiamu. Ila mwezi wa 12 dagaa wakavu kuwa macho, mvua inanyesha wanaanikwa hawakauki, wanauzwa na unyevu. Chukua mkononi, mzuri anavunjika, anang'aa kama fedha, hanuki uvundo. Akijikunja bila kuvunjika rudisha. Loweka maji ya vuguvugu, suuza mara tatu mchanga uishe.

Maharage yaloweke tangu jioni ya tarehe 24 na yale maji mwaga, pika kwa mengine. Mkaa wa kipindi cha mvua unavyoisha unajua mwenyewe, ukipika maharage makavu hiyo nusu gunia itaishia kwenye maharage. Chemsha usiku ule ule mnapojiandaa kwenda misa, asubuhi unaunga tu.

Na ndizi za Kalinzi je? Mkungu mmoja mbichi, menya chemsha na nyanya na hoho, hiyo ndo ya kuzibia pengo kwa wanaume wanaosema hawajashiba.

BintiUjiji

Mama sombe umemaliza. Kachumbari tu ndo msiikate mapema, nyanya ikikaa inatoa maji yote. Parachichi lete mezani zima, kila mtu ajikatie, halihitaji chumvi wala mayonizi.

MamaGungu

Jamani nimekaa na daftari hapa. Mchele kilo mbili, nyama ya mfupa kilo moja, migebuka 12, maharage kilo moja na nusu, sombe, karanga, dagaa kiganja, mkungu wa ndizi, viungo, ndimu za kutosha, nyanya vitunguu hoho, parachichi sita, soda chupa kubwa mbili, mawese ninayo ndani lita moja. Nimeweka bei kwa kukadiria kila kitu juu juu na bado kuna chenji!! Mume hajaamini, anasema nimesahau kitu.

mvuvi_mstaafu

Umesahau kweli. Hao wa Dar wanarudi na nini?

MamaGungu

Uwiiii

mvuvi_mstaafu

Hahaha. Mtu hajawahi kutoka Kigoma mikono mitupu, kuna dagaa wa kubeba na kuna dumu la mawese, na mwenyeji ndo anajua. Hiyo chenji usiitangaze. Siku ile ile unayokwenda Kibirizi nunua na dagaa wa zawadi, wa giza wakiwa wengi bei iko chini, chukua waliokauka kwenye chanja sio waliotandazwa chini kwenye mchanga, fungasha kwenye karatasi kisha mfuko, usiwafunge kwenye nailoni wakiwa na joto watatoka jasho mpaka Dodoma wameshaharibika.

kijana_wa_mwanga

Na yule mgebuka wa 12 wa mtu anayepita kusalimia, naomba nielekezwe nyumba. Gungu naifahamu.

MamaGungu

@kijana_wa_mwanga njoo na mkaa.

@mvuvi_mstaafu baba swali la mwisho, nikinunua migebuka wiki moja kabla nikaiweka kwenye friza ya jirani, niikate chale na kuipaka viungo kabisa au niiweke hivyo hivyo?

mvuvi_mstaafu

Toa matumbo na matamvua, osha, futa maji, funga wawili wawili kwenye mifuko. Usipake chumvi wala ndimu, ndimu ikikaa wiki inalainisha nyama, ukiweka kwenye waya inaachia. Tarehe 24 usiku washushe kwenye friji wayeyuke taratibu, viungo paka asubuhi. Na uandike jina lako kwenye mifuko, friza ya duka la soda inafunguliwa na watu wengi.